Chumba Kimoja Kinaweza Kupendeza Bila Deni



Katika kazi ya kutembelea jamaa hapa Migosi, na hata kule Manyatta na Kondele, kuna jambo tunaloliona mara kwa mara. Mgeni anapokelewa mlangoni, anawekewa stuli nje penye kivuli, na mazungumzo yanaishia hapo hapo. Si kwamba mwenye nyumba hana ukarimu. Anaona haya. Atakwambia, "Ndani si pazuri. Ngoja kwanza nipate pesa, ninunue viti vya maana." Miaka inapita. Pesa haiji, ama inakuja na kuishia kwa karo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji atapona vipi kama mgeni haingii?

Wengine hawangoji, wanakopa. Pesa ya chama iliyokuwa ya biashara ya samaki ama mboga inanunua kochi kubwa. Kochi hilo linajaza chumba chote, mtoto wa shule anakosa pa kuweka daftari lake, na kila mwezi kuna mtu mlangoni anadai. Hapo nyumba haijapambwa. Imefungwa kamba.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba chumba hupendezwa na vitu vinne ambavyo havihitaji mkopo: usafi, mwanga, mpango mzuri wa vyombo, na kazi ya mikono yako mwenyewe.

Si jambo geni kwetu

Kupamba nyumba hakukuletwa na maduka. Mama zetu na nyanya zetu walikanda udongo na samadi ya ng'ombe, wakapaka kuta na sakafu kwa mkono, na wengi walitumia udongo wa rangi mbalimbali kuchora mistari na maumbo ukutani. Kila baada ya muda waliipaka upya. Ukitaka kuwaonyesha watoto nyumba za kienyeji, wapeleke kwenye Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980. Mle ndani kuna boma zima la Kijaluo lililojengwa kama zamani, linaloitwa Ber-gi-dala. Hakuna kochi mle, lakini hakuna anayetoka akisema ni pabaya.

"Mimi ni mpangaji tu"

Hili ndilo jibu tunalopata mara nyingi. Migosi ilianza kama mradi wa viwanja vilivyopimwa na kuwekewa huduma, watu wakajijengea. Leo wengi wetu tunakaa kwa vyumba vya kukodi ndani ya ploti hizo. Mpangaji anaogopa kwamba akitengeneza nyumba, mwenye ploti ataongeza kodi ama atamtafuta mpangaji mwingine. Hofu hiyo ina msingi, tusiidharau.

Kwa hivyo, gawa kazi yako mara mbili. Kuna mapambo yanayobaki, kama kupaka ukuta. Hayo usiyafanye kabla ya kuongea na mwenye ploti. Mwambie, "Mzee, mimi nitatoa kazi, wewe nunua chokaa," ama mkubaliane gharama itolewe kwa kodi ya mwezi. Mkikubaliana, andikeni kwa karatasi, hata mistari miwili tu, kila mmoja atie sahihi. Halafu kuna mapambo ya kuhama nayo: mapazia, mikeka, vitambaa, picha, rafu za kusimama. Ukiwa mpangaji, pesa yako nyingi iende huko. Siku ukihama, nyumba yako nzuri unaipakia kwa mkokoteni.

1. Anza kwa kutoa, si kwa kuongeza

Kazi ya kwanza haina gharama. Siku moja ya jua toa kila kitu nje. Magodoro yapate jua, vumbi la juu ya kuta lipanguswe, sakafu ioshwe. Kabla ya kurudisha, jiulize kwa kila kitu: kinatumika? Redio iliyokufa miaka mitano, viatu visivyo na wenzao, magalani yaliyopasuka, haya yote yanakula nafasi na kufuga mende na panya. Chumba cha futi kumi kwa kumi hakiwezi kuwa jikoni, ghala na sebule bila mpango. Vitu vya kupikia vikae kona moja, vya kulala kona nyingine, na karibu na dirisha pabaki wazi kwa meza ya mtoto.

2. Ukuta mweupe kwa chokaa

Mkikubaliana na mwenye ploti, chokaa ni ya bei ya chini kuliko rangi ya mkebe. Na iko karibu, maana mawe yake huchimbwa na kuchomwa kule Koru, katika Kaunti yetu ya Kisumu. Mfuko mmoja wa kilo 25 unazidi mahitaji ya chumba kimoja, basi nunueni wawili ama watatu pamoja mgawane.

Fanya hivi:

- Chuja chokaa, uiweke ndani ya ndoo ya plastiki yenye maji. Koroga, funika, acha ilale usiku mmoja.
- Asubuhi ongeza maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Watu wengi huongeza pia chumvi kidogo iliyoyeyushwa, ishike vizuri.
- Pangusa ukuta, ondoa utando wa buibui na masizi, kisha ulowanishe kwa maji kidogo. Ukuta mkavu hunyonya maji upesi, na chokaa itapukutika.
- Paka safu nyembamba kwa brashi pana. Usishtuke ukiona haionekani. Ikikauka ndipo inakuwa nyeupe. Ngoja siku moja, rudia. Safu mbili ama tatu nyembamba ni bora kuliko moja nzito.

Angalia mambo mawili. Kwanza, chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Kama nusu ya chini ya ukuta wako imepakwa rangi hiyo, ioshe tu kwa sabuni na upake chokaa sehemu ya juu. Pili, chokaa huchoma macho na ngozi. Vaa glovu ama funga mifuko ya plastiki mikononi, kinga macho, watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, osha hapo hapo kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha nenda zahanati.

Ukiamua kununua rangi, uliza kama ina madini ya risasi. Kiwango cha Kenya hakiruhusu risasi kuzidi sehemu 90 kwa kila milioni, kwa sababu madini hayo huharibu ubongo wa mtoto. Rangi ya zamani inayobambuka usiikwangue ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza, na mabaki yasiachwe mahali watoto wanachezea.

Na kama ukuta una unyevu, usiufiche kwa kitambaa. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi: bati limetoboka, ama mvua inarukia ukuta kutoka chini. Mvua zetu kubwa huanza mwezi wa Machi, basi Januari na Februari ndiyo miezi ya kazi hii.

3. Leta mwanga ndani

Osha kioo cha dirisha ndani na nje. Utashangaa. Kama una kioo cha kujitazamia, kitundike kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, kitarudisha mwanga upande wenye giza. Pazia la dirishani liwe jepesi la rangi hafifu, linalofungwa pembeni mchana.

Usizibe matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, hata kama unaogopa vumbi. Jiko la makaa likiwaka ndani ya chumba kisicho na hewa hutoa gesi isiyo na harufu, na gesi hiyo imeua jamaa nzima usingizini. Jiko lipikiwe nje ama penye mlango wazi, na lisilale ndani likiwa na moto hata kama ni baridi.

4. Pazia la kugawa chumba

Wazazi na watoto wanaolala chumba kimoja wanahitaji staha, na pazia la katikati linaipa nyumba vyumba viwili. Nenda Kibuye, hasa Jumapili wakati soko limejaa, utafute mashuka ya mitumba. Shuka pana mbili za rangi inayofanana zinatosha. Pima upana wa mahali, kisha zidisha mara mbili, ili pazia liwe na mikunjo. Pazia lililovutwa likanyooka kama ubao halipendezi.

Kunja ukingo wa juu upana wa vidole vitatu, shona, pitisha waya, na ufunge kwenye misumari miwili imara. Chini liachie sakafu upana wa vidole viwili lisichafuke. Vipande vinavyobaki vitatoa foronya na kitambaa cha meza, na hapo chumba kizima kitaonekana kimepangwa na mtu mmoja. Pazia lolote likae mbali na stovu, koroboi na mshumaa.

5. Neti nayo ni pambo

Sisi wa kando ya ziwa malaria tunaijua. Kuna watu wanaoondoa neti wakisema inaharibu sura ya chumba, na wengine wanaikata kuwa pazia ama kufunikia vifaranga. Tafadhali, hapana. Neti ifungwe kwa pembe zake nne, iwe imenyooka. Asubuhi ikusanye juu, uifunge kwa utepe uliokatwa kutoka kwa kitambaa kile kile cha pazia lako. Hapo inakuwa kama taji juu ya kitanda. Ikichafuka, ifue kwa maji baridi na sabuni ya mche, bila jiki, na uianike kivulini, kwa maana jua kali hupunguza nguvu ya dawa.

6. Mikeka na vikapu kutoka ziwani

Mafunjo ya Dunga yanatoa mikeka mizuri. Mkeka mmoja chini ya meza, ama uliotundikwa ukutani nyuma ya viti, hubadilisha chumba kwa pesa kidogo.

Yapo pia magugu maji. Tangu yalipoenea ziwani miaka ya 1990 yamewasumbua wavuvi wetu, lakini mafundi wa Kisumu wamejifunza kukausha mashina yake na kusuka vikapu, stuli hata viti. Wewe mwenyewe unaweza kusuka zulia dogo la mlangoni: osha mashina marefu, yaanike mpaka yawe ya kahawia na makavu kabisa, suka kama nywele mistari mitatu mitatu, kisha izungushe na uishone kwa sindano kubwa na uzi wa gunia. Afadhali ununue mashina kutoka kwa wanaoyavuna. Usiwatume watoto majini, kwa sababu ya kichocho na nyoka. Na ukisuka mashina yakiwa bado na unyevu, zulia litaota ukungu.

7. Vitambaa, picha na maua

Viti vya zamani vinafunikika. Anayejua kufuma kwa sindano ya kroshia amfundishe jirani. Vitambaa vya kochi vikifumwa jioni kidogo kidogo, mwisho wa muhula seti imekamilika. Lakini chagua rangi mbili tu. Nyumba nyingi huharibiwa na rangi sita zinazopiga kelele pamoja.

Picha za jamaa zisikae kwenye mfuko wa plastiki. Kata fremu ya kadibodi, ifunike kwa kipande cha kitenge kilichobaki kwa fundi wa nguo, na utumie gundi ya nyumbani: vijiko 4 vya unga wa ngano kwa vikombe 2 vya maji, koroga mpaka iive na kuwa nzito. Mchoro wa mtoto kutoka shuleni nao uwekewe fremu. Mtoto anayeona kazi yake ukutani anajua ana nafasi katika nyumba ile.

Mikebe ya mafuta ya kupikia, ikitobolewa chini, inafaa kwa maua. Panda shubiri, maana haihitaji maji mengi. Sahani ya chini imwagwe kila mara, tusifuge mbu.

Mpango wa mwezi mmoja

Usifanye yote siku moja. Wiki ya kwanza, toa na usafishe. Wiki ya pili, ukuta. Wiki ya tatu, pazia na neti. Wiki ya nne, kona ya mtoto ya kusomea: ubao juu ya kreti mbili, stuli, na fremu ya mchoro wake juu yake. Kabla ya kununua chochote andika bei, na kama pesa haijafika, ngoja. Chama chenu nacho kinaweza kugeuza zamu yake: badala ya pesa tu, wanachama watano wanaingia nyumba moja kila Jumamosi na brashi na sindano. Akina baba msikae kando. Kupiga msumari na kupaka chokaa pia ni malezi.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwezi ukiisha, hata kama viti ni vile vile vya zamani, jirani akibisha hodi usimtolee stuli nje. Mwambie, "Karibu ndani."