Distributa kuukuu haiponi kwa kubadilishiwa pointi

WAMILIKI wengi wa Volkswagen Beetle, gari lililotwaa ushindi wa Safari Rally mnamo 1954, 1957 na 1962, wanaifahamu vyema kero hii. Gari huwaka asubuhi bila taabu. Likianza kupanda mlima hukwamakwama na injini hugonga. Likisimama penye taa za barabarani hutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Fundi hubadilisha pointi, akabadilisha plagi, kisha akafungua kabureta. Baada ya wiki mbili gari hurejea gerejini na maradhi yaleyale.

Aghalabu ila haimo katika sehemu hizo, bali katika distributa yenyewe, chombo ambacho huenda hakijawahi kuguswa tangu gari lilipotoka kiwandani.

Kazi yake ni kuamua cheche itokee lini na iende wapi. Pointi zinapofunguka, koili huzigeuza volti 12 za betri kuwa maelfu ya volti, nayo rota huzipeleka kwa silinda kwa mpangilio wa 1, 4, 3, 2. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 6,000, yaani mara 100 kila sekunde. Pengo lake ni milimita 0.4 tu. Shafti ikilegea ndani ya bushi zake, hata kwa unene wa ukucha, pengo hilo hubadilika kila shafti inapozunguka. Silinda moja hupata cheche mapema, nyingine huchelewa.

Hapo ndipo penye hatari. Cheche ikiwahi mno, joto hupanda, na injini hii haina maji ya kuipoza. Hutegemea upepo wa feni. Pistoni huweza kutoboka. Silinda ya tatu ndiyo huumia kwanza, kwa kuwa katika injini nyingi za zamani kipoza-oili kilizuia sehemu ya upepo wake. Hata waundaji walilijua hilo: distributa nyingi za Bosch zilichongwa ili silinda hiyo ipate cheche ikiwa imechelewa kidogo.

Uchunguzi hauhitaji mitambo. Kifuniko na rota huondolewa, kisha kichwa cha shafti husukumwa kwa vidole huku na huku. Kikicheza waziwazi na pengo la pointi likabadilika, hakuna pointi mpya itakayosaidia. Fundi hodari wa mashine ya kukereza vyuma anaweza kutia bushi mpya. Vinginevyo distributa nzima ibadilishwe.

Katika ununuzi, wengi hushauriwa kuchukua ile ya Bosch aina ya 009. Ni imara, lakini imesifiwa kupita kiasi. Haina kile kiwambo kinachovutwa na hewa ya kabureta. Huharakisha cheche kwa kasi ya injini pekee. Gari lililoundwa kwa distributa yenye kiwambo likiwekewa hiyo, mara nyingi huzubaa dereva anapokanyaga mafuta ghafla.

Kabla ya kuing'oa ile kuukuu, waya wa betri hufunguliwa na kila waya wa plagi kutiwa alama. Puli ya injini huzungushwa mpaka alama yake ya cheche ilingane na kiungo cha gamba la injini, na rota ielekee mkato mdogo ulio ukingoni mwa distributa, ambao ni alama ya silinda ya kwanza. Mafundi wenye haraka huruka hatua hii, kisha hushinda kutwa wakihamisha waya. Nati ya kishikizo hufunguliwa kwa spana namba 13, na distributa ikavutwa juu. Chini yake mna springi ndogo, isipotee.

Distributa mpya hupakwa oili kidogo kwenye mpira wake na kuingizwa huku rota ikizungushwa taratibu hadi meno yaingie. Meno hayo hayako katikati kamili, hivyo hayaingii kinyume.

Mwisho ni kuweka majira ya cheche. Taa ndogo ya volti 12 huunganishwa kati ya waya wa pointi na bodi ya gari, na swichi kuwashwa. Distributa huzungushwa kwa mwelekeo wa saa hadi taa izimike, kisha hurejeshwa polepole kinyume chake. Taa inapowaka tu, nati hukazwa. Kipimo cha nyuzi hutofautiana kwa mwaka wa injini na aina ya distributa. Kitabu cha gari ndicho kifuatwe, si kumbukumbu ya fundi.

Ile ya zamani isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Ikitiwa bushi mpya, na kiwambo chake kikiwa kizima, huenda ikalifaa gari hilo kuliko ile iliyonunuliwa dukani.