Vijarida vya Gundi na Stepla

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wameshauzika mchezo wa sketibodi. Viwanja vya zege vilivyojengwa kwa pupa miaka michache nyuma vilifungwa kimoja baada ya kingine, wenyewe wakilemewa na gharama za bima, na vingi vikapitiwa na tingatinga. Jarida kubwa la mchezo huo, SkateBoarder, likageuzwa kuwa Action Now, likachanganya habari za ubao na za baiskeli na mawimbi, kisha nalo likafa. Kila mji ukabaki na vijana wachache waliokataa kuacha, na wengi wao hawakujua kama mji wa pili kuna wenzao.

Hapo ndipo ilipokomaa desturi ya kutengeneza vijarida kwa mkono. Naamini kwa dhati kwamba desturi hiyo ndiyo iliyowafanya wale vijana kuwa jamii. Ni kweli, mwaka 1981 jarida la Thrasher lilizaliwa San Francisco, nalo lilivitangaza vijarida vya vijana badala ya kuvidharau. Lakini kijana wa Ohio alijua vizuri kwamba hakuna mpigapicha atakayetoka California kuja kuitazama rampu ya plaiwudi iliyo uani kwao. Akaamua kuiandika mwenyewe.

Kazi ilifanyika mezani au sakafuni chumbani. Picha zilikatwa kwa mkasi na kubandikwa kwa gundi. Maneno yakapigwa taipu au kuandikwa kwa mkono, yakazunguka picha, mara nyingine yakazipanda juu. Kisha ikatafutwa mashine ya fotokopi, ya dukani au ya ofisini kwa mzazi. Mashine hizo zilimeza rangi zote za kijivu, hata mrukaji akabaki kivuli cheusi kwenye karatasi nyeupe, na vijana wakaupenda ukali huo wakaufanya kuwa mtindo wao. Kurasa zilikunjwa katikati, zikabanwa kwa stepla, zikaingia kwenye bahasha.

Ndani yake mlikuwa na maisha ya kijiwe kama yalivyo: nani kajenga rampu mpya, bwawa la kuogelea la nani limekaushwa maji likafaa kuchezewa, mlinzi gani hana huruma, bendi gani ya panki imepiga Jumamosi, nani kavunjika mkono. Mtu wa nje angeona ni porojo. Mimi naona ni kumbukumbu za mtaa zilizoandikwa na wenye mtaa, zenye majina na vituko ambavyo hakuna gazeti la mji lingejali kuvitunza.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni Skate Fate. Garry Scott Davis alikianzisha Cincinnati, Ohio, mwaka 1981, mbali na bahari na mbali na kampuni za mbao za kuchezea, na kijarida hicho kikadumu hadi 1991. Davis ndiye pia aliyeueneza mruko wa boneless, ambapo mchezaji hushika ubao kwa mkono, hutua mguu mmoja chini, akajirusha kwa mguu huohuo. Jina lilitokana na mwanasesere aliyekuwa akichezewa na rafiki zake, Harry the Boneless One. Utani wa kundi moja la Ohio ukawa msamiati wa wachezaji wa dunia nzima.

Vijarida vilikuwa na bei, lakini desturi iliyotukuka ilikuwa kubadilishana: nitumie chako, nikutumie changu. Barua zilizaa urafiki, na urafiki ukazaa ugeni. Kijana aliyejulikana kwa mwandiko tu alifika mji wa mbali, akapewa sehemu ya kulala sakafuni, akapelekwa kwenye mabwawa ambayo wenyeji hawakuyataja mbele ya mtu yeyote. Siri ya mahali pa kuchezea ilikuwa mali, na kumfunulia mgeni ilikuwa heshima kubwa.

Ukarimu huo haukuwafikia wote sawasawa. Kurasa nyingi zilijaa wavulana, na msichana mwenye ubao alizoea kutazamwa kama kioja. Bonnie Blouin wa Richmond, Virginia, alilisema jambo hilo waziwazi katika Thrasher mwaka 1986, na mwishoni mwa muongo huo Lynn Kramer akatoa Equal Time, kijarida cha wanawake wachezaji. Kwangu hivi vya wanawake vina uzito wa pekee, kwa sababu wao walikuwa wametengwa mara mbili, na mji wao na kijiwe chao.

Majarida makubwa nayo yalijifunza kutoka huku chini. Davis alihamia Transworld Skateboarding. Jarida hilohilo, Juni 1987, lilimweka jaladani Tod Swank wa San Diego, mtengenezaji wa Swank Zine, katika picha ya Grant Brittain. Swank hakuwa hewani wala ukingoni mwa bwawa. Alikuwa akisukuma ubao kwa mguu barabarani, jambo ambalo kila mchezaji wa kila mji alilifanya kila siku.