Taa ya Buluu Isiyozimika

Saa nane mchana, mwezi wa Februari, mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam hujaa kiasi kwamba mwenye miguu humtangulia mwenye gari. Mikokoteni, bodaboda na magari ya shehena hugombea njia moja, na jua halina huruma. Hapo gari dogo lenye injini ya lita moja au moja na nusu hupata mtihani mzito kuliko safari ya Morogoro. Katika barabara kuu upepo hupita kwenye rejeta na kuondoa joto. Kariakoo upepo haupo, na kazi yote huachiwa feni.

Joto lenyewe si dogo. Katika injini ya petroli, kwa makadirio ya jumla, theluthi moja tu ya nishati ya mafuta, au pungufu ya hapo, ndiyo igeukayo kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto: sehemu hutoka pamoja na moshi kwenye ekzosi, na sehemu hubebwa na maji yanayozunguka ndani ya injini. Maji hayo yasipopozwa, chuma hutanuka kupita kiasi, silinda hedi hupinda na gasketi huungua. Kwa dereva wa teksi, hasara hiyo yaweza kumaliza akiba ya miezi mingi.

Lugha ya rangi

Magari mengi ya namna hii yalitumika kwanza Japani kabla ya kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, na kitabu chake cha maelekezo, kama hakikupotea njiani, kimeandikwa kwa Kijapani. Hata hivyo picha za dashibodi zasomeka kila mahali, kwa kuwa Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) limezipanga katika kiwango chake namba 2575. Rangi hutangulia picha. Nyekundu ni onyo la hatari, na kama inahusu injini dereva hana budi kusimama mara apatapo mahali salama. Manjano hutaka gari lichunguzwe mapema. Kijani na buluu ni taarifa tu.

Picha ya kopo la oili yenye rangi nyekundu hudhaniwa na wengi kuwa inaonyesha kiasi cha oili. Sivyo. Taa hiyo huonyesha kwamba shinikizo la oili, ambalo kamusi za fizikia huliita kanieneo, limeanguka. Ikiwaka wakati injini inanguruma, vyuma vinaanza kusagana bila utando wa oili kati yao, na hata dakika chache za mwendo zaweza kuiua injini. Kadhalika picha ya betri haisemi kwamba betri imekufa, bali kwamba haichajiwi. Katika injini nyingi ndogo mkanda mmoja huzungusha alteneta pamoja na pampu ya maji. Mkanda ukikatika, taa ya betri huwaka kwanza, na joto hupanda baadaye. Dereva ajuaye uhusiano huo husimama mapema. Asiyeujua hujisemea kwamba betri itamfikisha nyumbani.

Baadhi ya magari haya, kama vile Toyota Vitz na Passo, hayana mshale wa kupima joto la maji. Badala yake zimo taa mbili: ya buluu huwaka injini ikiwa baridi, na nyekundu huwaka joto likipita kiasi. Injini ikiwa katika joto lake la kazi, hakuna inayowaka. Buluu yapasa kuzimika baada ya dakika chache za mwendo. Lakini jijini yamo magari ambayo taa hiyo haizimiki kwa urahisi, na sababu yake aghalabu ni kipande kimoja kilichoondolewa.

Mlango wa nta

Kipande hicho ni themostati, vali ndogo inayotosha kiganjani. Ndani yake mna kikopo cha nta. Maji yakifikia nyuzi 82 hivi za sentigredi, nta huyeyuka, hutanuka na kusukuma kipini, na mlango wa kuelekea kwenye rejeta hufunguka. Chini ya joto hilo mlango hujifunga, maji huzunguka ndani ya injini tu, nayo hupata moto upesi. Hakuna umeme wala kompyuta katika kazi hiyo. Ni kanuni ya kutanuka kwa maada peke yake.

Gari likichemka, baadhi ya mafundi hung'oa themostati na kusema kwamba ni kifaa cha nchi za theluji. Hoja hiyo huvutia, maana mara nyingi gari huacha kuchemka. Lakini hewa ya Dar es Salaam, hata Februari, huwa nyuzi 32 au 33, na injini hutaka maji yenye nyuzi 80 hadi 95. Pana pengo la nyuzi 47 au zaidi. Kwa injini, basi, Dar es Salaam nayo ni nchi ya baridi.

Injini isiyofikia joto lake hupata madhara matatu. Kompyuta huendelea kuongeza petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi, na gharama hupanda. Petroli isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuichujua oili. Unyevu nao haukauki, bali huchanganyika na oili na kufanya tope. Isitoshe, katika baadhi ya injini themostati huziba pia njia ya mkato. Ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto hurudi injinini bila kupita kwenye rejeta, na gari huweza kuchemka tena likibeba mzigo. Ubovu wa kwanza, uwe rejeta iliyoziba, feni iliyokufa au kifuniko kilicholegea, umebaki palepale.

Alama ni shahidi, si hukumu

Taa ya manjano yenye picha ya injini huwashwa na kompyuta. Katika Toyota za miaka ya mwanzo ya 1990 fundi huunganisha kwa waya matundu yaitwayo TE1 na E1, na taa humeta kwa hesabu: mara mbili, kituo, kisha mara mbili ni alama 22, yaani mkondo wa kipimajoto cha maji una kasoro. Marekani ililazimisha mfumo mmoja katika magari mapya kuanzia 1996, wenye soketi ya matundu 16, na mfumo huo umeenea duniani. Alama zake huanza kwa herufi: P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chasisi, na U ni mawasiliano kati ya kompyuta.

Alama P0128 husema kwamba maji hayakufikia joto la themostati kwa wakati uliotazamiwa. Gari lenye uwezo wa kuitoa litaitoa themostati ikiwa imekwama wazi, imeondolewa, au kipimajoto kinadanganya. P0171 husema hewa ni nyingi kuliko petroli; chanzo chaweza kuwa mpira uliopasuka, pampu dhaifu au chujio lililoziba. Mwenye gari akikimbilia Gerezani kununua spea kwa kusoma alama pekee, huenda akabadilisha kipande kizima na kuacha kibovu. Taa hiyo ikimetameta badala ya kutulia, injini inakosa moto katika silinda, na yafaa kupunguza mwendo mara moja.

Matunzo ya kila juma

Oili ipimwe gari likiwa mahali tambarare, dakika tano baada ya kuzima injini. Alama yake iwe kati ya mistari miwili ya kijiti. Maji ya chupa ya akiba yatazamwe injini ikiwa baridi. Yafaa kutumia kulanti badala ya maji matupu, kwa sababu huzuia kutu. Maji ya visima yenye chumvi, yasiyo haba katika pwani hii, hula alumini na kuacha magaga ndani ya rejeta. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kikiwa cha moto. Chini ya shinikizo maji huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Shinikizo likitolewa ghafula, hugeuka mvuke na kumchoma aliye karibu.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuomba themostati kuukuu gerejini, aitundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, kisha awashe moto polepole. Wanafunzi waandike joto ambalo mlango unaanza kufunguka, na joto ambalo umefunguka kabisa. Kisha waache maji yapoe na kuandika unapofungika. Themostati isiyofunguka ni mbovu na haina budi kubadilishwa. Ile inayofunguka barabara haikuwa na kosa ilipong'olewa, na kosa la gari lilikotoka halijatafutwa bado.