Je, Wajua? Hongo ya Afisi ya Ardhi Hulipiwa Benki

Je, wajua kuwa pesa anazopewa karani wa ardhi chini ya meza huja kuonekana baadaye katika hesabu za benki? Tuanzie hapa Machakos. Oktoba 2023 matingatinga yaliingia Mavoko yakaangusha nyumba, maghorofa yakiwemo, zilizojengwa kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, baada ya mahakama kuamua kuwa shamba ni la kampuni. Wengi walikuwa wamenunua ploti, wakapewa karatasi, wakajenga.

Karatasi ya ardhi ndiyo hiyohiyo benki inayoitegemea. Mfanyabiashara wa Marikiti akitaka mkopo wa maana huambiwa alete hatimiliki. Rekodi hupekuliwa, mthamini hufika kwenye ploti, wakili huandikisha dhamana, na gharama zote humwangukia mkopaji. Lakini rekodi ikiwa ilichezewa tangu mwanzo, kuipekua ni kazi bure. Aprili 2023, katika kesi ya kiwanja cha Mombasa, Mahakama ya Upeo ilisema kwamba kushika hatimiliki hakutoshi. Ni lazima kuangalia jinsi ardhi ilivyotolewa mara ya kwanza. Hatimiliki ikiharibika huko, dhamana ya benki inayeyuka na deni linabaki. Ongeza wakandarasi wanaokopa ili wafanye kazi ya serikali, kisha wanakaa miaka bila kulipwa. Mwishoni mwa 2024 mikopo isiyolipwa vizuri nchini ilikuwa zaidi ya asilimia 16 ya mikopo yote.

Je, wajua kuwa kifo cha mtu mmoja kilifichua shimo la zaidi ya shilingi bilioni 30? Mkurugenzi mkuu wa Imperial Bank, Abdulmalek Janmohamed, alifariki Septemba 2015. Haukupita mwezi, bodi ikapiga ripoti kwamba kuna mikopo iliyofichwa isionekane vitabuni, na tarehe 13 Oktoba Benki Kuu ikaiweka benki hiyo chini ya mrasimu. Agosti tu, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilikuwa imeiruhusu kuuza hatifungani za bilioni 2! Wakaguzi walikuwepo. Sheria inayokataza mtu wa ndani kukopeshwa zaidi ya asilimia 20 ya mtaji wa benki ilikuwepo pia. Dubai Bank ilikuwa imetangulia kuanguka Agosti, Chase Bank ikafuata Aprili 2016, na wenye pesa wakazikimbizia benki kubwa. Hapo benki ndogo zisizo na hatia nazo zikaumia, jambo ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha.

Katikati ya misukosuko hiyo, Novemba 2015, Benki Kuu ilisimamisha leseni za benki mpya. Katazo hilo liliondolewa Julai 2025.

Je, wajua faini ya benki huwa na uzito gani? Pesa za Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, zilipoporwa, zilipitia kwenye akaunti kama pesa nyingine yoyote. Septemba 2018 Benki Kuu ilizitoza benki tano jumla ya shilingi milioni 392.5, kwa makosa kama kutoripoti miamala mikubwa ya pesa taslimu. KCB ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi, milioni 149.5. Mwaka huo ilipata faida ya takriban bilioni 24, kwa hiyo faini yake nzima haikufikia faida yake ya siku tatu.

Sheria nazo huweza kumuumiza anayekusudiwa kulindwa. Kuanzia Septemba 2016 riba ya mkopo haikuruhusiwa kupita kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Wengi tulishangilia. Benki zikaona afadhali kuikopesha serikali kuliko mama wa duka, naye mama wa duka akageukia mikopo ya simu yenye riba kali zaidi. Sheria ikaondolewa Novemba 2019.

Je, wajua kuwa tangu Julai 2020 bima ya amana, chini ya shirika la KDIC, hukulipa hadi shilingi 500,000 benki ikifungwa, badala ya 100,000 za awali? Akiba ya Sacco haimo. Tena kiwango hicho ni cha mtu mmoja katika benki moja: mwenye akaunti tatu mle mle huhesabiwa mara moja tu.