Kabla ya Kununua Mashine ya Upepo: Maelezo kwa Vijana Wanaotaka Kuanza Ufundi Nyumbani



Wapenzi wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi wetu, wengi wa vijana wanaohitimu kwetu huishia kwenye ufundi, na ni jambo jema. Katika toleo la mwaka huu tumeonelea tuzungumzie mashine ya upepo, yaani kompresa, ile inayojaza matairi na kupulizia rangi. Tumeulizwa juu yake na wazazi zaidi ya mmoja. Isitoshe, ushauri tulioutoa mara ya kwanza ulikuwa mbaya, na mwenye kulipa hasara hakuwa sisi.

Ilikuwa mwaka 2022. Kijana wetu mmoja aliyejifunza kazi gereji kwa miaka mitatu alitaka kuanza shughuli zake nyumbani, kwenye banda lililo nyuma ya nyumba yao. Mama yake alikuwa amepokea zamu yake ya upatu, akatuomba tumsindikize mwanawe dukani kwa kuwa mwalimu anajua kusoma maandishi ya kwenye mashine. Tukakuta mashine mbili za bei iliyokaribiana. Moja ilikuwa ya mkanda, mtungi wake mdogo, imekaa kizamani. Nyingine iling'aa, mtungi wa lita 50, na kibandiko kimeandikwa HP 3. Sisi ndio tuliosema achukue yenye mtungi mkubwa. Kijana alikusudia kupiga rangi mageti, milango na bajaji. Geti la kwanza lilitoka mabakamabaka, la pili hivyo hivyo, na mwezi wa tatu mota ikaungua. Fedha ya upatu ya mama wa watu!

Kosa lilikuwa wapi? Mwanafunzi yeyote aliyewahi kujaza upepo baiskeli anaijua mashine hii tayari. Ndani yake mna pistoni inayovuta hewa na kuisukuma, kama pampu ya mkono, isipokuwa inasukuma kwa mota na kuweka akiba kwenye mtungi. Mtungi hautengenezi upepo. Ni kama tangi la maji juu ya paa: ikiwa pampu ya kisima ni dhaifu na nyumba ina watu kumi wanaooga asubuhi, tangi kubwa litachelewesha tu ile saa ya kukauka.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye siri yote. Mashine ndogo aghalabu huzima yenyewe geji ikifika bar 8 na kuwaka tena ikishuka hadi bar 6. Kwa hiyo unapofanya kazi unatumia bar 2 tu za akiba. Mtungi wa lita 50 ukishuka bar 2 umetoa lita 100 za hewa ya kawaida (50 mara 2). Bunduki ya kupulizia rangi aliyonunua kijana wetu ilitaka lita 250 kwa dakika. Akiba ya lita 100 iliisha kwa sekunde 24, yaani kabla hajamaliza ubavu mmoja wa geti. Baada ya hapo alitegemea kile ambacho pistoni inaweza kuleta, nayo haikuweza hata nusu ya hitaji. Upepo ukapungua, rangi ikatoka kwa matone badala ya ukungu, na mota ikazunguka bila kupumzika hadi ikaungua. Mashine nyingi za namna hii zimeundwa zifanye kazi nusu ya muda na kupoa nusu ya muda.

Basi jambo la kwanza kuuliza dukani ni hili: inatoa lita ngapi kwa dakika ikiwa na mgandamizo wa kazi? Ikiwa kibandiko kinatumia herufi CFM, hizo ni futi za ujazo kwa dakika, na futi moja ni kama lita 28. Lakini tahadhari. Vibandiko vingi huandika hewa inayovutwa na pistoni, si inayotoka kwenye mpira, na ya pili huwa pungufu sana. Usibishane na muuzaji, pima mwenyewe. Mwombe aiwashe hadi izime yenyewe. Kisha fungua upepo utoke polepole hadi iwake tena, funga, na uhesabu sekunde kwa saa ya simu mpaka izime. Chukua lita za mtungi, zidisha kwa bar zilizopanda, gawa kwa sekunde, zidisha kwa 60. Mashine ya kijana wetu tuliipima baadaye, tulipokuwa tumechelewa: lita 50, kutoka bar 6 hadi 8, sekunde 50. Jibu ni lita 120 kwa dakika. Kibandiko kilikuwa kimesema 200. Muuzaji akikataa kuiwasha, nenda duka la pili.

Na ile HP 3? Nguvu moja ya farasi ni wati 746. Soketi zetu za ukutani ni za ampea 13, na kwa umeme wa volti 230 hazitoi zaidi ya wati 2,990. Mashine iliyoandikwa HP 5 na ikaja na plagi ya kawaida ya pini tatu inadai wati 3,730. Haiwezekani. Hesabu hii ni ya darasa la sita, wala haihitaji mhandisi. Kwa mashine nzuri, HP moja ya kweli hutoa takriban lita 85 hadi 110 kwa dakika. Ukiona kibandiko kinaahidi mara mbili ya hapo, jua kilichoandikwa hapo ni biashara.

Sasa kila mtu atazame kazi yake. Anayetaka kujaza upepo bodaboda na magari madogo, na kupuliza vumbi kwenye vipuri, mashine ya lita 24 yenye HP 1.5 au 2 inamtosha. Tairi la gari dogo hutaka PSI 30 hadi 35 tu (bar moja ni PSI 14.5), ile "upepo thelathini" ya mafundi. Matairi ya malori ni habari nyingine: hufika PSI 100 na kupita, na mashine ndogo itajikokota. Anayefungua nati za magurudumu kwa mashine ya upepo anatumia upepo mwingi lakini kwa sekunde chache chache, na hapo ndipo mtungi wa lita 50 au 100 unasaidia kweli. Kupiga rangi na kupiga msasa kwa upepo ni kazi zisizopumzika. Kwa hizo tafuta mashine ya mkanda yenye pistoni mbili, inayotoa si chini ya lita 250 hadi 300, na umwite fundi umeme aivutie waya wake yenyewe.

Kwa nini ya mkanda? Ile isiyo na mkanda huzungusha pistoni kwa kasi ya mota yenyewe, karibu mizunguko 2,850 kwa dakika. Mkanda hupunguza kasi hiyo, mashine inapata joto kidogo, kelele inapungua, na maisha yake yanarefuka. Zipo pia zisizotumia oili. Ni nyepesi, ila nyingi zina makelele makubwa, na anayefanya kazi nyumbani ana jirani mwenye mtoto mchanga au mgonjwa. Sisi tungechagua ya oili na kumwambia kijana aitazame oili kila asubuhi.

Usiifungie kwenye waya mrefu mwembamba wa ekstensheni. Umeme hupungua njiani, mota inanguruma bila kuzunguka, inaungua. Weka mashine karibu na soketi, urefushe mpira wa upepo.

Lililobaki ni mtungi, na hapa tunaomba wazazi wasome pole pole. Sisi watu wa pwani tunaishi kwenye hewa yenye maji. Hewa hiyo ikigandamizwa, maji hubaki chini ya mtungi na kuula kwa ndani, wakati nje rangi bado inang'aa. Mfuniko wa mtungi wenye upana wa sentimita 30 ukiwa na bar 8 unasukumwa kwa uzito unaozidi tani tano na nusu. Fikiria lori la mchanga limeegemea bati lililoliwa na kutu. Kwa hiyo koki iliyo chini ya mtungi ifunguliwe kila jioni maji yatoke (anayepiga rangi aongeze na kichujio cha maji, la sivyo rangi itafanya malengelenge). Ile pete ndogo ya vali ya usalama ivutwe mara kwa mara kuona kama inapumua, wala isizibwe hata inapovuja. Mtungi uliotoboka hauchomelewi, unatupwa. Mtumba ambao huwezi kuona ndani yake usiununue mpaka ujaribiwe kwa maji, kwa sababu maji hayagandamiziki kama hewa na mtungi ukipasuka hauruki vipande. Na wale wanaounganisha kompresa ya friji na mtungi wa gesi wa kuokota, tumewaona, wana akili nyingi za ufundi, ila wanakaa na bomu bandani.

Wanafunzi wadogo, upepo huu si wa mchezo. Usimpulizie mwenzako sikioni, mdomoni wala mwilini, hata kwa utani, maana wapo watu waliokufa kwa utani huo. Kaka zenu wanaopiga rangi za magari za kuchanganya na kikaushio wasidanganyike na kitambaa puani. Mvuke wake huharibu mapafu, na hutaka kinyago chenye vichujio vyake.

Kijana wetu mota yake ilisukwa upya, na safari hii hatukumpeleka kununua mashine nyingine. Alibadilisha bunduki. Zipo ndogo zinazotaka kama lita 100 kwa dakika, na mashine yake inatoa 120. Rangi inatoka polepole, geti moja linamchukua asubuhi nzima, lakini halina mabaka. Mageti makubwa huwapelekea wenzake wenye mashine ya mkanda. Kabla ya kuanza, hujaza upepo bajaji za mtaani, na mama yake ameanza kuchangia upatu mwingine.