Mrukaji, hesabu hatua ulinde mguu wako

IKIWA wewe ni mrukaji wa mbali, au una mtoto anayeshiriki mchezo huu shuleni, bila shaka umewahi kuona mruko mzuri ukiinuliwa kibendera chekundu.

Ubao wa kurukia una upana wa sentimita 20 pekee, na mruko hupimwa kutoka ukingo wake ulio upande wa mchanga. Ukiuvuka ukingo huo, mruko hauhesabiwi. Ukirukia sentimita 20 nyuma yake, umezipoteza bure.

Hata hivyo, hasara si ya umbali tu. Mrukaji anayegundua kuwa hataufikia ubao hurefusha hatua ya mwisho. Mguu hutua mbele mno ya mwili na kisigino hugonga kwa nguvu. Hapo ndipo kisigino, goti, kifundo cha mguu au misuli ya nyuma ya paja huweza kuumia.

Kosa aghalabu huanzia mwanzoni mwa mbio. Ukianza kwa kasi mara hii na polepole mara ijayo, tofauti ndogo ya kila hatua hujumlika. Utafiti wa David Lee na wenzake wa mwaka wa 1982 ulionyesha kuwa hata warukaji stadi hukosea hivyo, kisha hujirekebisha kwa macho katika hatua chache za mwisho. Kosa likiwa dogo, mguu hausumbuki.

Ufanyeje basi?

Kwanza, pasha mwili moto kwa dakika 15. Kisha simama ubaoni, uupe mchanga mgongo. Kimbia kurudi nyuma ya uwanja, hatua ya kwanza ukiitoa kwa mguu wa kurukia. Mwenzako aweke alama hatua ya 13 inapotua. Rudia mara tano au sita, kisha chagua alama ya katikati. Hapo ndipo utakapoanzia.

Sasa kimbia kuelekea ubaoni, ukianza kwa namna ile ile na mguu ule ule kila mara. Ukizidi kwa sentimita 15 mara kadhaa mfululizo, rudisha alama nyuma sentimita 15. Ukipungukiwa, isogeze mbele. Usibadilishe kwa sababu ya mruko mmoja.

Siku ya mashindano, angalia upepo. Wa mgongoni hurefusha hatua, hivyo anzia nyuma kidogo. Wa usoni huzifupisha. Sheria zinakuruhusu kuweka alama mbili kando ya njia ya kukimbilia.

Usifanye mazoezi haya ukiwa umechoka, kwani hatua za mchovu hudanganya. Ukihisi maumivu ya kisigino au ya paja, acha kuruka siku hiyo. Mguu ukivimba au ukishindwa kuukanyagia, mwone daktari mara moja. Mashindano mengine yatakuja. Goti bovu huenda likakuzuia usiyafikie.