Gurnah ni wa Nani?

Wiki hii nilikuwa Masama, nikasikia vijana wakibishana chini ya mgomba: Abdulrazak Gurnah ni mwandishi wetu au wa Waingereza? Mmoja akasema, "Aliyeondoka ameondoka." Sikukubaliana naye, na sababu ninazo.

Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948. Baada ya Mapinduzi ya 1964 hali ilikuwa ngumu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akakimbilia Uingereza. Huko alisoma, akafundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent hadi kustaafu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987. Mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Anaandika kwa Kiingereza, ni kweli. Lakini anaandika habari za nani? Katika Paradise, ya mwaka 1994, mtoto Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri ili kufidia deni. Baadaye anaachwa dukani, katika mji wa mlimani. Mtu wa Masama hahitaji mkalimani kuuelewa mlima huo, wala deni hilo. Hata hivyo, tafsiri ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022: miaka 28 baadaye!

Basi, nani alimsahau mwenzake? Hapa mlimani nyumba nyingi zina mtoto aliye mbali. Hatusemi si wetu. Twangoja barua yake. Gurnah ameshatuandikia. Kilichobaki ni sisi kusoma.